Magunia Tisini

Gathoni, mke wa Kiama, angeweza kukuambia bila kuulizwa ni kreti ngapi za nyanya zilizotoka kwa Kakenya wiki hii. Hakuhitaji kwenda kuzihesabu. Alisimama tu nyuma ya choo chake, pale palipoinuka kidogo, akijifanya anaanika nguo, na macho yakamalizia kazi. Tena alikuwa makini. Kreti zikiwa thelathini na moja, hakusema thelathini. Alisema thelathini na moja, kwa sababu ile moja ya juu ndiyo iliyomuuma zaidi.

Walikuwa majirani huko Kisaju, ukitoka mjini Kitengela kuelekea Isinya, ndani kidogo ya barabara, ambako mashamba ya nusu ekari yamepakana na viwanja ambavyo wenyewe bado wanatafuta pesa za kujenga. Gathoni alifika hapo miaka kumi na minane iliyopita akitoka Gatundu, mumewe Kiama akiwa dereva wa pikapu ya kukodishwa na binti yao Cate akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Udongo mweusi wa pale ulikuwa umewashinda wengi. Mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa ambamo kuku mdogo anaweza kuzama. Yeye haukumshinda. Alikuwa wa kwanza katika mtaa ule kuotesha nyanya za kuuza, na watu wakaja kumtazama. Gathoni alipenda sana kutazamwa. Hilo tuliseme mapema, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki.

Kakenya yeye alikuwa mke wa mfugaji. Ukame ule mbaya ulimaliza mifugo ya nyumba yao, wakabaki na ng'ombe sita wa maziwa, na mumewe akaenda Nairobi kulinda geti la watu. Asubuhi moja Kakenya alisimama kwenye ua wa Gathoni, kanga imefungwa kifuani, akasema hajawahi kupanda hata sukuma wiki, na kama Mama Cate ana moyo, amwonyeshe. Mama Cate alikuwa na moyo. Alimpa miche mia mbili bure, akamwonyesha jinsi ya kuifunga kwa kamba na kuondoa vichipukizi vya pembeni, na kwa miezi mitatu alimsimulia kila mtu sokoni Kitengela jinsi anavyomsaidia mwanamke wa Kimaasai asiyejua jembe linashikwa wapi. Alimpenda mwanafunzi wake kwa dhati, mradi tu abaki mwanafunzi.

Kakenya hakubaki. Msimu wa tatu nyanya zake zilikuwa nzito, nyekundu, ngozi inang'aa. Mbaluka, dalali aliyekuwa akinunua kwa Gathoni tangu zamani, siku moja alipita mbele ya lango lake bila hata kupunguza mwendo, akaenda kusimama kwa Kakenya. Alipakia huko kwanza. Kwa Gathoni alirudi baadaye, akachukua zilizotosha nafasi iliyobaki kwenye gari, akasema asante sana mama kwa adabu zake zote. Gathoni alitabasamu. Siku nzima hakula, na Kiama alipomuuliza kama anaumwa, alimwambia aache maswali.

Kuanzia hapo alikuwa na donge rohoni. Kakenya akinunua tangi jipya la maji, Gathoni aliona bomba lake mwenyewe limechakaa. Kakenya akisifiwa kanisani kwa sadaka ya mavuno, Gathoni aliona mchungaji amerefusha mahubiri. Hata mvua ilimkera, kwa vile ilinyesha pande zote mbili za ua.

Akaamua kushindana kwa njia aliyoiona ya mkato. Kiama alikuwa akibeba mizigo ya mabanda makubwa ya kuku, na kule mbolea ya kuku ilikuwa karibu bure kwa mtu mwenye gari. Gathoni alimwambia alete. Akaleta magunia thelathini, mke akasema ongeza. Akaleta sitini, akasema ongeza. Yalifika magunia tisini kwa msimu mmoja, kwenye nusu ekari. Yaliletwa yamefunikwa turubai na kufukiwa Jumapili asubuhi, majirani wote wakiwa ibadani, na Gathoni eti akiumwa kichwa. Kiama alishika sepetu akafukia, kwa shingo upande. Mara moja tu ndipo alipofungua mdomo.

"Mama Cate," alisema, "wewe unataka nyanya ama unataka Kakenya?"

Mke akamwonyesha gunia lililofuata.

Sasa, familia tisa za pale zilikuwa na kisima kimoja cha pampu walichokichimba kwa kuchanga. Walikunywa humo, wakanyunyizia mashamba humo. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja mtu wa afya, akachovya kikaratasi ndani ya maji, nacho kikageuka rangi ya waridi iliyokolea. Akasema maji yana naitreti nyingi, chumvi inayotokana na mbolea na vinyesi, na kwamba mtoto wa chini ya miezi sita asichanganyiwe chochote kwa maji hayo, kwa sababu damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa. Mwenyekiti wa kisima, Nelson, alikuwa na mtoto wa miezi miwili nyumbani. Siku hiyohiyo mkewe alianza kununua maji ya mkokoteni. Neno naitreti likaenea, watu wakilitamka kama jina la jambazi aliyehamia mtaani.

Lakini ilitoka wapi? Chini ya ardhi hakuna aliyeshuka akaona. Ingeweza kutoka kwenye vyoo, kwenye boma la ng'ombe wa Kakenya lililokuwa hatua hamsini kutoka kisimani, au kwenye mashamba. Nelson akaomba msaada chuo kikuu, akaletewa kijana mmoja aitwaye Mukonyo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, na kompyuta ndani ya mkoba wa mgongoni. Kazi yake, alivyoieleza, ilikuwa kutengeneza shamba la kubuni ndani ya kompyuta, linalofanana na mashamba yao ya kweli. Huko ndani mtu angepunguza mbolea aone atapoteza nyanya ngapi na kisima kitapona kwa kiasi gani, kabla hajapoteza nyanya zenyewe. Mzee mmoja aliuliza kama hiyo kompyuta inaweza kuona chini ya ardhi.

"Hapana, mzee," Mukonyo alisema. "Mimi sijui uchafu unatoka wapi. Kompyuta pia haijui. Inakisia tu, na inakisia kutumia kile nyinyi mtaniambia."

Ili waelewe, aliwachezesha kwanza mchezo. Aliwaketisha kwenye viti vya kanisa, kila mmoja na punje za mahindi mbele yake, hizo ndizo faida, na rundo la vijiwe, hiyo ndiyo mbolea. Ndani ya kikombe alitia vifuniko kumi vya soda, saba vyeupe na vitatu vyekundu. Cheupe ni mvua ya kawaida. Chekundu ni mvua kubwa inayosomba kila kitu hadi kisimani, na hapo aliyeweka vijiwe vingi ananyang'anywa punje, kwa sababu atanunua maji. Gathoni aliweka vijiwe vyote alivyopewa. Misimu miwili alikuwa mbele, akawatania wenzake kwamba wanalima kama wanaogopa kuamsha mtoto. Msimu wa tatu kikatoka chekundu. Wa nne, chekundu tena. Mwisho wa mchezo Kakenya, aliyekuwa akiweka vijiwe vinne tu kila mara, alikuwa na punje nyingi kuliko wote, watu wakampigia makofi. Gathoni alipiga makofi pia, mara tatu, akasema ni bahati.

Wiki iliyofuata Mukonyo alipita nyumba kwa nyumba akiuliza takwimu. Alikuta chai ya maziwa kwa Gathoni na mkate wa siagi. Alifungua kompyuta mezani, na kwenye kioo zikaonekana safu za nambari za wakulima aliokwisha kuwahoji. Majina alikuwa ameyaficha, lakini safu moja ilikuwa na ng'ombe sita, na mtaa mzima mwenye ng'ombe sita alikuwa mmoja. Gathoni alimwongezea chai akiinama karibu. Samadi, magunia ishirini na tano. Mavuno ya msimu, kreti mia moja na arobaini.

Mia moja na arobaini. Yeye, kwa magunia yake tisini ya mbolea ya kuku, alikuwa amevuna mia moja na kumi na mbili.

Mukonyo akauliza yeye aliweka magunia mangapi, na Gathoni akasikia sauti yake mwenyewe ikisema ishirini. Ya nini? Ya samadi tu ya kawaida. Na kreti? Mia moja na hamsini, akasema, na akaona haikumpa shida yoyote kuisema. Mukonyo aliandika. Alitoka kupima hatua kutoka shambani hadi kisimani, zikawa sabini, akasimama katikati ya shamba lile na la Kakenya akinusa hewa kama mtu aliyesahau kitu. Halafu akarudi kwa Kakenya kumuuliza kitu.

Mkutano wa matokeo ulifanyika ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana. Mukonyo alitundika shuka jeupe ukutani akamulika picha. Mashamba tisa yalionekana kama viraka, kila kimoja na rangi yake. Alieleza polepole, mara mbili, kwamba haya ni makisio. Lakini kwa takwimu alizopewa, mashamba mengi yalitumia samadi kidogo, na harufu kali iliyokuwa hewani upande ule ilithibitishwa kwamba inatoka bomani. Kwa hiyo, ukichukua miaka kumi ya mvua mbalimbali, katika miaka saba boma ndilo lingekuwa chanzo kikubwa cha uchafu wa kisima. Kiraka cha Kakenya kilikuwa chekundu. Cha Gathoni kilikuwa kijani kibichi, na Mukonyo akasema hilo ndilo shamba lililopata uwiano bora kuliko yote, faida kubwa kwa hatari ndogo.

Watu waligeuka kumtazama Gathoni. Miaka mingi walikuwa hawajamtazama hivyo. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kununua, na ndani alikuwa anacheza.

Uamuzi ulikuja haraka, maana wenye watoto wachanga hawana subira. Ng'ombe wote sita waondolewe ndani ya mwezi mmoja. Wakati huo Mukonyo angekusanya nyongeza yoyote ya takwimu, na kukiwa hakuna jipya, uamuzi ungebaki palepale. Kakenya aliuliza swali moja tu, kama angeruhusiwa kubaki na wawili. Nelson, kwa masikitiko ya kweli, alisema hapana. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha Purity, binti wa Kakenya, aliyekuwa kidato cha tatu. Saruni, ndugu yake Kakenya, alikuwa tayari kuwapokea ng'ombe Loitokitok, lakini ng'ombe wa maziwa akiwa Loitokitok hamlipii karo mtu aliye Kisaju. Kila mtu ukumbini alilijua hilo. Gathoni alilijua kuliko wote, na hakusema kitu.

Wiki mbili alikula raha. Nelson aliwaleta wakulima wa mtaa wa pili kuona shamba lake. Mbaluka, aliyekuwa na masikio marefu, alisimamisha gari langoni kwake kwanza, akamwita mkulima bora. Gathoni alipaka mafuta mazuri siku hizo hata akienda kung'oa magugu. Jambo moja tu lilimsumbua, nalo lilikuwa dogo: Kakenya hakuonekana akilia. Alionekana akikamua ng'ombe asubuhi, akifagia boma, akimsalimia kila apitaye. Gathoni alitaka kuona machozi. Si mengi, ya kumtosha tu. Basi siku moja saa nne asubuhi alijitwika sura ya huruma, akabeba paketi mbili za unga, akaenda kumfariji.

Kakenya alimpokea kwa furaha. "Takwenya, Mama Cate," alimsalimia kwa Kimaa kama kawaida yao, na Gathoni akajibu "Iko," jibu alilolijua vizuri. Wakaketi kwenye vigoda karibu na boma, chai ikaletwa. Gathoni akaanza maneno yake ya pole. Alisema dunia ina mambo, Mungu hamwachi mja wake, na lau angekuwa na uwezo angewabadilisha mawazo wale watu. Alikuwa akichungulia uso wa mwenzake kila baada ya sentensi. Kakenya alimwacha amalize.

"Mama Cate, mimi niko na pua," alisema. "Ile harufu si ya ng'ombe. Mavi ya ng'ombe nimelala nayo tangu nizaliwe, naijua. Hiyo ni ya kuku, na inatoka kwako."

Kikombe cha Gathoni kilisimama njiani, kati ya paja na mdomo.

Kakenya aliendelea kwa sauti ileile ya kawaida. Alisema aliona turubai la pikapu Jumapili mbili ambazo Purity alikuwa mgonjwa na hawakwenda ibadani. Mukonyo alipomuuliza harufu inatoka wapi, yeye alisema ni bomani kwake. Hakujua kama neno hilo moja lingewekwa ndani ya kompyuta na kurudi kuchukua ng'ombe wake. Alidhani anamfichia jirani aibu ndogo tu.

"Na mbona usiseme sasa?" Gathoni aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Nikisema sasa watasema ni wivu. Shamba yako ni ya kijani, yangu ni nyekundu, halafu mimi ndio naenda kukusema? Nani ataniamini?" Kakenya alimimina chai nyingine. "Na tena, ile mwaka tulikuwa hatuna kitu, kila mtu alinipea pole. Wewe ulinipea miche. Mimi siwezi sahau hiyo."

Gathoni alirudi nyumbani akiwa na paketi zake za unga. Alikuwa amesahau kumwachia. Ungedhani mtu aliyeambiwa maneno kama hayo angejuta, angelia, angepiga magoti. Alijuta, ndiyo, lakini baadaye. Kwanza alikasirika. Alitembea akipiga visigino chini, akijisemea mambo yasiyochapika. Kumbe Kakenya hakumshinda kwa nyanya tu. Kumbe muda wote ambao Gathoni alikuwa nyuma ya choo akihesabu kreti, yule mwanamke alikuwa amekaa na siri yake mkononi, tena kwa upole, bila kumwambia hata mtu mmoja. Hata kwenye wema alikuwa mbele. Wivu wa nyanya Gathoni aliuzoea. Huu mwingine hakujua aushike wapi.

Alimsimulia Kiama wakila chakula cha mchana. Kiama alitafuna taratibu, kisha akasema yeye hataleta tena hata gunia moja la kuku, na kwamba ng'ombe wakiondoka, yeye hatakunywa maji ya kisima kile. Akanawa mikono akaondoka na gari. Ndoa yao ilikuwa ya maneno machache, na hayo yalikuwa mengi.

Siku zilizofuata Gathoni alipambana na nafsi yake, na nafsi haikuwa mpinzani mzuri. Ilikuwa inampa sababu nyingi za kunyamaza. Makisio ni makisio, ilisema. Pengine kweli ni ng'ombe. Nani ameona? Lakini kila alipochota maji aliona nyufa za udongo wake mwenyewe, pana, zikishuka gizani, na akakumbuka jinsi mvua ya kwanza inavyomezwa na nyufa hizo bila kubakisha kidimbwi. Mke wa Nelson alipita na mtoto mgongoni akisukuma mitungi ya maji ya kununua, akamsalimia kwa heshima. Gathoni akahisi mwili wote unamwasha. Usiku wa deni la aina hiyo hauna usingizi, na yeye hakulala.

Mwezi ulipotimia watu walikusanyika tena ukumbini. Lori la kubebea ng'ombe lilikuwa limeshaagizwa. Nelson aliuliza kama kuna mwenye jipya, akiwa tayari anafunga daftari. Kakenya alikuwa ameketi safu ya mbele, mikono mapajani, na kila mwanamke aliyeingia alikuwa akimgusa bega. Gathoni aliwaona wakimgusa. Akajua kwamba mwanamke huyu akiondokewa na ng'ombe wake leo akiwa kimya vile, yeye Gathoni hatamfikia tena kwa wema maisha yake yote. Hilo ndilo lililomnyanyua. Ningependa kukuambia ilikuwa haki, au mtoto wa Nelson, na vyote viwili vilikuwepo. Lakini kilichotangulia miguuni kilikuwa wivu.

"Mimi nilidanganya," alisema. "Si gunia ishirini. Ni tisini, na si samadi ya ng'ombe, ni ya kuku. Hiyo harufu ni yangu. Kakenya alinifichia."

Mukonyo alivua miwani akaivaa tena, akafungua kompyuta, akamuuliza tarehe za kufukia na kina cha mashimo. Alijibu kila kitu akiwa amesimama. Kijana akaandika, akasubiri, na ile picha ukutani ikabadilika mbele ya macho yao: kiraka cha kijani kikawa chekundu, na cha Kakenya kikafifia kuwa cha manjano. Sasa, alisema, katika miaka kumi, shamba la Mama Cate lingekuwa chanzo kikubwa kwa miaka minane. Hakuwa na hakika bado, na hataweza kuwa nayo, lakini kuondoa ng'ombe kungesaidia kidogo sana. Nelson alitoka nje kupiga simu kusimamisha lori. Gathoni aliketi. Aliona amelipa, tena amelipa vizuri, na kifua kilianza kushuka.

Ndipo Nelson aliporudi, akaangalia tena ukutani, akakuna kidevu.

"Lakini ngoja kidogo," alisema. "Kreti mia moja na hamsini. Hakuna mwingine hapa amefika hiyo. Kwa hivyo hiyo mbolea ya kuku inalipa?"

Watu wakaanza kunong'onezana. Mmoja aliuliza gunia linapatikana wapi. Mwingine alisema maji ya kunywa yanaweza kununuliwa ikiwa nyanya zinatoka hivyo. Mukonyo mwenyewe alikuwa akiangalia nambari zake kwa wasiwasi, akakiri kwamba ukiamini takwimu hizi, basi mkulima akiongeza mbolea anapata faida zaidi, na kazi iliyobaki ni kila mtu kuchagua baina ya mfuko wake na kisima. Alisema hata yeye hakutarajia hivyo. Gathoni alisikia jinsi ukumbi mzima ulivyokuwa ukielekea kwenye mabanda ya kuku. Uongo wa kwanza, wa magunia, alikuwa ameukiri akiwa na pumzi. Huu wa pili, wa kreti, ndio uliokuwa mgumu kuukiri.

Angeweza kunyamaza. Hakuna duniani aliyejua isipokuwa Kiama, na Kiama hasemi. Angebaki na kreti zake mia moja na hamsini, mkosaji, sawa, lakini mkosaji aliyemshinda Kakenya.

Alisimama mara ya pili, na safari hii alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Kreti pia si hizo," alisema. "Ni mia moja kumi na mbili."

Mukonyo aliandika. Hakuhitaji kueleza, ingawa alieleza: mmea una kipimo chake cha kula, na magunia sitini au zaidi kati ya yale tisini hayakuleta nyanya hata moja, yalikwenda moja kwa moja kisimani. Hapakuwa na faida ya kuchagua. Watu walitazama zile safu mbili zikiwa zimesimama jirani ukutani. Magunia tisini, kreti mia moja na kumi na mbili. Magunia ishirini na tano, kreti mia moja na arobaini. Hakuna aliyecheka, na Gathoni aliona afadhali wangecheka. Wakakubaliana shamba lake lipumzishwe misimu miwili bila mbolea, lipandwe nyasi za ng'ombe za kunyonya kile kilichobaki, na nyasi hizo Kakenya azinunue.

Walirudi nyumbani kwa njia moja, kwa kuwa njia ilikuwa hiyo moja. Kakenya hakumshukuru wala hakumlaumu. Alizungumza juu ya mvua, kwamba mawingu yamejaa upande wa Ngong. Gathoni aliitikia mm, mm. Walipofika kwenye lango la Kakenya, mahali ambapo mtu mwingine angesema kwaheri, Gathoni alibaki amesimama. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Hizo mia moja arobaini," alisema, "ulizitoa aje?"

Kakenya alimtazama, akaona kwamba hakuulizwa kwa utani, akafungua lango. Alimpeleka hadi kwenye lundo la samadi lililofunikwa kwa majani, akamwambia huliacha lioze miezi mitatu kabla halijaingia shambani. Akamwonyesha jinsi anavyotia konzi mbili tu kwa kila shimo, jinsi anavyotandaza nyasi kavu juu ya udongo ili usipasuke, na kwamba hunyunyizia kidogokidogo alfajiri na wala si kwa pupa mchana. Hakuficha hata moja. Gathoni alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Roho ilimuuma kwa kila neno, na hakuna neno alilolisahau.